Shule na Kwaya Yetu Katika Mwaka wa 2020

Kamati ya jubilei ilipogawa kazi ya kuandika historia, kila sauti ilipewa kipindi chake. Soprano waliandika juu ya kuanzishwa kwa kwaya mwaka wa 2000, mwaka wa Jubilei Kuu. Teno na besi walichukua safari za vigango na kurekodi nyimbo. Sisi wa alto tulipewa mwaka wa 2020, na kuna waliotuonea huruma wakidhani hatutakuwa na la kuandika: kanisa lilifungwa, kwaya haikuimba, mwaka ukaisha. Sisi tunaona kwamba hakuna mwaka mwingine katika hii miaka 25 uliotuonyesha waziwazi mahali kwaya yetu ilipotoka. Ilitoka shuleni, na siku shule iliponyamaza tulielewa ni kiasi gani tulikuwa tunaitegemea.

Wageni wetu wataona wenyewe leo kwamba kanisa na shule ya msingi viko ndani ya ua mmoja. Mpangilio huo ni wa zamani katika nchi yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya St. Austin's mjini Nairobi mwaka wa 1899, na Wakonsolata walipofika nchi ya Murang'a mwaka wa 1902, na wale wa Mill Hill upande wa magharibi, kazi ya kuhubiri na kazi ya kufundisha kusoma zilikwenda pamoja. Katekista ndiye aliyekuwa mwalimu. Nyumba iliyokuwa kanisa Jumapili ilikuwa darasa Jumatatu. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1968, serikali ilichukua usimamizi wa shule hizo na kuajiri walimu, na Kanisa likabaki kuwa mfadhili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inampa mfadhili wawakilishi watatu katika Bodi ya Usimamizi na jukumu la malezi ya kiroho. Hivyo ndivyo ilivyo shule yetu: ni ya serikali, na paroko ana kiti chake kwenye bodi.

Kwaya ilizaliwa ndani ya mpangilio huo. Walimu wake wa kwanza walikuwa walimu wa shule waliojifunza solfa katika vyuo vya ualimu, na ndiyo maana hadi leo wimbo mpya kwetu huandikwa ubaoni kwa chaki, do re mi, kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Tulikuwa tukifanyia mazoezi katika darasa la saba kwa sababu ubao wake ndio uliokuwa mkubwa. Tunaanza saa kumi Alhamisi kwa sababu hapo ndipo kengele ya mwisho inapogongwa. Kengele yenyewe ni rimu ya gurudumu la lori iliyotundikwa mtini. Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure, shule ilijaa, na soprano na alto zikajaa pamoja nayo. Watu wazima wa kwaya huja na kuondoka. Mmoja anahamishwa kikazi, mwingine anaolewa. Watoto wa darasa la tano hadi la nane ndio waliokuwa wakija kila mwaka bila kuitwa.

Mwaka wa kawaida, kabla ya 2020, ulikuwa na mwendo wake. Januari kulikuwa na Misa ya kufungua shule. Jumatano ya Majivu wanafunzi walipanga mistari kuanzia uwanja wa gwaride hadi altareni. Ijumaa za Kwaresima walifanya Njia ya Msalaba, wadogo wakisukumana ili wabebe msalaba. Muhula wa pili ulikuwa wa mashindano ya muziki, na hapo mwalimu wa kwaya tulikuwa tukimkosa kabisa, maana Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927 na hakuna mwalimu wa muziki anayekubali kulikosa. Agosti ilikuwa ya Komunyo ya Kwanza. Oktoba ilikuwa ya Rozari na ya kuwaombea watahiniwa. Novemba darasa la nane walimaliza mtihani, wakaimba nasi Dominika ya Kristo Mfalme, kisha wakatawanyika kwenda shule za bweni, na sisi tukaanza kutafuta sauti upya. Tulilalamika juu ya hilo kila mwaka. Tulidhani ni tatizo letu kubwa.

Mwaka wa 2020 ulianza vivyo hivyo. Gredi ya nne ilikuwa inaanza mtaala mpya, na walimu walikuwa mbio na vitabu. Nzige walikuwa wameingia nchini na tuliwaombea wakulima. Mapema Februari Rais mstaafu Moi alifariki, na wazee wa besi wakamkumbuka kwa maziwa ya shule, kila mmoja akiapa kwamba pakiti yake ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 26 Februari. Watoto walipakwa majivu, wakarudi darasani, wakayafuta kabla ya somo la Hisabati kwisha.

Ijumaa ya tarehe 13 Machi, serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Siku hiyo wanafunzi walifanya Njia ya Msalaba kama kawaida. Jumapili iliyofuata, Dominika ya tatu ya Kwaresima, Injili ilikuwa ile ya mwanamke Msamaria kisimani. Kwaya ilikuwa kamili; daftari la mahudhurio linaonyesha hivyo. Mchana huo Rais akatangaza kwamba shule zote zifungwe: za kutwa mara moja, za bweni ifikapo Jumatano, vyuo vikuu ifikapo Ijumaa. Kwa kuwa yetu ni ya kutwa, hapakuwa na siku ya kuagana. Jumatatu kengele haikugongwa. Juma moja baadaye makanisa nayo yakafungwa.

Tarehe 27 Machi kafyu ilianza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni hiyo hiyo Baba Mtakatifu Fransisko alisimama peke yake katika mvua kwenye uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, na wengi wetu tuliiona picha hiyo kwenye simu za majirani. Juma Kuu lilipita tukiwa nyumbani. Baba Paroko aliadhimisha Mkesha wa Pasaka na katekista peke yake, na sisi tulisikiliza Mbiu ya Pasaka redioni. Baadhi yetu tuliimba Aleluya pamoja na redio, kila mtu jikoni kwake, alto bila soprano. Haikupendeza hata kidogo.

Hayo ya kanisa yanajulikana kwa kila mtu. Ya shule hayajulikani sana, na hayo ndiyo tunataka yabaki katika kijitabu hiki.

Kwanza, chakula. Mtoto wa shule yetu alikuwa akipata githeri mchana. Kwa nyumba nyingi za hapa hicho kilikuwa chakula cha uhakika kuliko vyote vya siku. Aprili ilipofika, viongozi wa jumuiya walikuwa wakileta majina kwa paroko: nyumba hii ina watoto watano, baba alikuwa mjini na njia zimefungwa, nyumba ile mama alikuwa akifua nguo za watu na hakuna anayemruhusu aingie. Kina mama wa CWA walianza kukusanya unga na maharagwe. Walitumia stoo ya shule na sufuria za shule, na mpishi wa shule ndiye aliyepima.

Pili, masomo. Serikali ilirusha vipindi vya masomo kupitia redio na televisheni. Vilimsaidia mwenye redio yenye betri na mtu mzima wa kumketisha hapo. Watoto wetu wengi walikuwa shambani, au wakichunga, au wakiuza mboga barabarani.

Tatu, walimu, na hapa tunahitaji kueleza. Shule ya umma ina walimu wa aina mbili. Wapo walioajiriwa na TSC, ambao mishahara yao iliendelea. Wapo wa bodi, wanaolipwa kutokana na michango ya wazazi. Shule ikifungwa, mzazi hachangi, na mwalimu wa bodi halipwi. Shule yetu ilikuwa na walimu wanne wa namna hiyo, na wawili kati yao walikuwa wetu: mwalimu wa kwaya mwenyewe na mpiga kinanda. Kufikia Mei, mmoja alikuwa akiuza sukuma wiki kando ya barabara akiwa amevaa barakoa, na wanafunzi wake wakipita wanamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Mwingine alikwenda kufanya kibarua cha kubeba mawe. Hawakumwambia mtu. Tuliyajua kutoka kwa watoto.

Kwaya wakati huo ilikuwa na pesa. Jumuiya zote zilikuwa zimechanga kwa ajili ya sare mpya, na fundi alikuwa ameshatuonyesha vitambaa: vyeupe, na ukosi wa kitenge. Mwanzoni mwa Juni mmoja wa alto aliuliza katika kikundi chetu cha WhatsApp kama pesa hizo zingeweza kuwalisha walimu wanne. Mjadala ulichukua majuma mawili, na wenye simu za kabambe walipigiwa usiku ili wasiachwe nje. Wapo waliosema sare si chakula. Wapo waliosema, na hoja yao ilikuwa nzito, kwamba pesa hizo zilitolewa na watu kwa jambo moja lililotajwa, na kwaya ikianza kuzigeuza hakuna atakayechanga tena. Tena wachangiaji wenyewe sasa wana njaa. Mwenyekiti aliamua kwamba kila jumuiya iulizwe kupitia kiongozi wake. Zote zilikubali isipokuwa moja, na ya hiyo ikarudishwa hadi shilingi ya mwisho. Waimbaji wawili walijiondoa katika kwaya kwa sababu ya uamuzi huo. Mmoja alirudi mwaka uliofuata. Mwingine anasali nasi na tunasalimiana vizuri, lakini hajarudi kuimba.

Kwa pesa zile tulinunua unga, mafuta, maharagwe na sabuni kwa nyumba nne, kila mwezi, Juni hadi Septemba. Kisha zikaisha.

Tarehe 6 Julai serikali iliruhusu ibada kurejea kwa masharti: watu wasiozidi 100, saa moja tu, na asiwepo mtoto chini ya miaka 13 wala mzee zaidi ya miaka 58. Tunaamini walioandika masharti hayo hawakuwa na kwaya akilini. Kwa kipimo hicho soprano karibu wote hawakuruhusiwa kuingia, na besi ilipoteza wazee wake wote kwa siku moja. Tulibaki waimbaji sita, tukisimama mbalimbali, barakoa zikimeza konsonanti. Utukufu uliimbwa kwa ufupi ili saa isituishie. Waumini walikuja kwa zamu, jumuiya kwa jumuiya. Watoto walisimama nje ya lango wakituangalia tukiingia, na huo ndio mwonekano wa mwaka ule ambao wengi wetu hatujausahau.

Siku moja baada ya tangazo hilo, Waziri wa Elimu, Profesa Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea na mitihani ya kitaifa haitakuwepo. Kwa watoto wadogo maneno hayo yalimaanisha likizo ndefu. Kwa darasa la nane yalikuwa kitu kingine kabisa. Mtoto wa miaka 14 au 15 anayeambiwa kwamba shule haipo mwaka huu anaanza kutafuta mahali pengine pa kuwa. Mvulana mmoja aliyekuwa akiimba nasi tangu darasa la tano alipata kazi kwenye machimbo ya mawe. Akaanza kupata pesa zake mwenyewe. Shule zilipofunguliwa, mwalimu mkuu na katekista walimwendea mara tatu. Hakurudi.

Na msichana mmoja wa alto akapata mimba. Tumejadiliana kama jambo hili liandikwe katika kijitabu cha sherehe, na tumeamua liandikwe bila jina, kwa sababu hakuwa peke yake katika nchi hii mwaka ule, na kwa sababu ya lililofuata. Kina mama wawili wa CWA walikwenda nyumbani kwao na kukaa na mama yake siku nzima. Paroko alizungumza na mwalimu mkuu, ambaye alisema sheria iko wazi: msichana ana haki ya kurudi darasani. Ilibaki kwaya. Palikuwa na waliouliza kama afaa kusimama nasi mbele ya altare. Mwalimu wetu wa kwaya, yule wa sukuma wiki, alisema kwamba yeye anahitaji alto, na akafungua daftari la nyimbo. Swali hilo halikuulizwa tena mbele yake.

Jumatatu ya tarehe 12 Oktoba, Gredi ya nne na darasa la nane waliitwa warudi, kwa kuwa serikali ilikuwa imebadilisha mpango na mtihani sasa ungefanywa mwezi wa Machi. Rimu iligongwa saa mbili kasorobo. Mama mmoja anayeuza maandazi kando ya lango alituambia kwamba aliposikia mlio ule aliacha mafuta yakaungua. Watoto walipimwa joto langoni, wakanawa mikono kwenye tanki lililonunuliwa na parokia, wakaketi mmoja mmoja kwenye dawati. Alhamisi ile mazoezi yalifanyika uwanjani, hewani, na ubao ukaegemezwa mtini. Sauti za wavulana wawili zilikuwa zimevunjika tangu Machi. Waliondoka wakiwa soprano, wakarudi hawajui waimbe wapi, na tulicheka hadi mazoezi yakasimama.

Tarehe 4 Januari 2021 shule nzima ilirejea, na hapo likaja tatizo la nafasi. Watoto hawangeweza kubanana wanne kwenye dawati kama zamani, na vyumba havikuongezeka. Paroko aliongea na bodi, na kwa muhula mzima darasa la sita walisomea ndani ya kanisa. Walibeba ubao asubuhi na kuurudisha jioni. Mabenchi yalikuwa madawati, na mahali pa kwaya pakawa pa mwalimu. Wazee waliosoma enzi za wamisionari walipita mlangoni makusudi ili waone. Mmoja wao alisema kwamba yeye alijifunza kuhesabu ndani ya kanisa la udongo lililokuwa mahali hapo hapo, akatuonyesha alipokuwa akiketi.

Mtihani wa KCPE ulianza tarehe 22 Machi 2021 na kumalizika tarehe 24. Msichana wetu aliufanya. Mama yake alikaa chini ya mti wa kengele na mtoto mchanga, na kila karatasi ilipoisha alimpelekea anyonye. Siku mbili baadaye serikali ilifunga tena ibada katika kaunti tano. Ya kwetu haikuwa mojawapo. Kwa hiyo Dominika ya Matawi, tarehe 28 Machi, darasa la nane waliimba nasi mara ya mwisho kabla ya kungojea matokeo, mwaka mmoja na majuma mawili tangu Dominika ile ya Msamaria. Mwalimu alipoita majina daftarini, wawili hawakuitika. Mmoja ni yule wa machimbo. Wa pili ni msichana aliyekuwa amehamia kwa shangazi yake mjini, na tulisikia baadaye kwamba huko alijiunga na kwaya nyingine, jambo ambalo teno wanaliita uhaini.

Mwalimu wetu wa kwaya alipata ajira ya TSC miaka michache baadaye na akapelekwa shule nyingine, lakini Alhamisi bado anakuja, sasa kwa boda boda. Mpiga kinanda tuko naye. Sare mnazoziona leo ni zile za zamani, na rangi ya ukosi imefifia, hasa kwa sisi wa mstari wa mbele. Kamati imepanga kuanza mchango mpya baada ya jubilei, na jumuiya ile iliyorudishiwa pesa zake imekuwa ya kwanza kutoa ahadi.

Shule yenyewe imebadilika. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2023, na darasa la nane kama tulivyolijua halipo tena. Sekondari ya chini iko ndani ya ua wetu huu huu, na mwaka wa 2025 Gredi ya tisa ya kwanza ilianza kusoma katika chumba kilichokuwa chetu cha mazoezi. Ubao mkubwa ni wao, na sisi tumehamia chumba cha pili. Kwa mpangilio huo, watoto hawatuachi tena wakiwa na miaka 13 na sauti nyembamba. Alhamisi iliyopita tulihesabu teno watatu waliovaa sare za shule, na mmoja anadai kwamba yeye ni besi.